Helmeti kwenye kiwiko

Simamisha bodaboda pale Mkwakwani, hapa Tanga mjini, saa nne asubuhi, umuulize kama ana helmeti ya abiria. Kwanza atakutazama ajue kama unatania. Kisha atataka kujua unakwenda wapi, na ukimjibu atacheka: "Anti, hapo Chuda tu!" Ukishikilia msimamo, ataiazima kwa mwenzake kijiweni, akukabidhi kitu cheusi chenye mkanda uliokatika na sponji iliyokakamaa kwa jasho la watu usiowajua. Utaishika mkononi. Utazifikiria nywele ulizosuka juzi, au ushungi uliounyoosha asubuhi. Wengi wetu tunaishia hapo hapo: tunairudisha, tunapanda, na kila mmoja anajiambia kwamba ameamua mwenyewe.

Dereva anayo ya kwake. Ameivaa kiwikoni. Akikaribia mzunguko ambako trafiki husimama ataipandisha kichwani bila kufunga mkanda, na akishapita salama inarudi kiwikoni. Tendo hilo utaliona Tanga nzima, kutoka Chumbageni mpaka Pongwe, na mimi naliona lina mengi ya kutufundisha kuliko mabango yote ya wiki ya usalama barabarani. Mtu huyu helmeti anayo. Ameinunua kwa pesa yake, anajua inavaliwaje, na anajua mpaka mita ya barabara ambayo anatakiwa awe ameshaivaa. Semina haitamwongezea kitu. Ukimuuliza mbona hivyo, atakujibu kwa maneno matatu: kichwa ni changu.

Jibu hilo tusilicheke. Mkoa huu una kumbukumbu ndefu ya kuambiwa "ni kwa faida yenu". Kule Mlalo, milimani Usambara, serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1946 mpango wa kuokoa udongo. Wakulima wakaamriwa wachimbe matuta kwenye miteremko, na aliyekaidi akatozwa faini. Wataalamu hawakusema uongo, udongo ulikuwa unaporomoka kweli. Lakini jembe liliwaangukia zaidi akina mama, mashamba yenyewe yalikuwa vipande vidogo, na chakula nyumbani hakikuongezeka kwa kadiri ya jasho lililomwagika. Wasambaa wakakataa, ukaidi wao ukaungana na siasa za kudai Uhuru, na mpango ukaachwa hata kabla bendera ya Mwingereza haijateremshwa. Kisha tukajitawala. Mwishoni mwa mwaka 1973 tukaambiwa, safari hii na serikali yetu wenyewe, kwamba kuhamia vijijini si hiari tena. Kufikia 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa nchi nzima, wengine kwa malori na huku nyuma nyumba zao zikichomwa.

Kwa hiyo mtu anayenusa harufu ya amri kila akisikia neno usalama ana historia upande wake. Na kisa cha Mlalo kina jambo ambalo watunga sheria wetu bado hawajalimeza: unaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu madhara, na bado sheria yako ikafa, kwa sababu mzigo wake umeuweka kwenye mgongo usiostahili kuubeba.

Ila hoja ya "kichwa ni changu" ina sharti lake. Inasimama pale tu ambapo kichwa kikipasuka, gharama zinabaki kwa mwenye kichwa. Mtu mzima akiamua kula chumvi nyingi, kulala saa nane usiku au kuishabikia timu inayomtia presha, namwacha na yake. Pikipiki haiko kwenye fungu hilo, na sisi wa pwani ndio wa kwanza kulijua hilo kwa sababu tunaishi kwa michango.

Fuata pesa baada ya ajali moja ya barabara ya Horohoro. Majeruhi anakimbizwa hospitali ya Bombo. Hali ikiwa nzito anapewa rufaa ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300, na hapo gari, mafuta, mtu wa kumsindikiza na mahali pa huyo mtu kulala vyote vinatafutwa ndani ya saa chache. Kundi la WhatsApp la ukoo linaamka. Shemeji aliyeko Korogwe anatuma, rafiki wa shule anatuma, kijiwe kinapitisha kofia. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi, maana ina mwisho. Sehemu nzito inaanza akirudi nyumbani. Aliyeumia ubongo anaweza kurudi akitembea vizuri tu, lakini anasahau, anakasirika bila sababu, hawezi kuhesabu chenji. Kuna dada yake aliyekuwa anakaanga mandazi kila alfajiri. Sasa meza ya mandazi haipo, kwa sababu mgonjwa hawezi kuachwa peke yake. Nani alimuuliza huyo dada kuhusu chaguo la kaka yake? Wazee walishasema mchuma janga hula na wa kwao, na ajabu ni kwamba methali hiyo tunawatupia walevi na wezi, hatuitupii pikipiki.

Bima nayo haituokoi sana. Bima ndogo, ambayo ndiyo waliyonayo wengi, humlipa mtu wa tatu aliyedhurika. Dereva mwenyewe hayumo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na kadiri tutakavyozidi kuingia kwenye chungu kimoja cha matibabu, ndivyo kichwa cha kila mtu kitakavyozidi kuwa jambo la wote. Marekani walijaribu njia nyingine. Mwaka 2000 jimbo la Florida liliwaruhusu waendesha pikipiki wenye zaidi ya miaka 21 waache helmeti, mradi wawe na bima ya matibabu ya angalau dola 10,000. Yaani kichwa ni chako, tuonyeshe tu kwamba bili utailipa. Kwa mantiki, sioni mahali pa kulikosoa. Vifo vya waendesha pikipiki vikapanda miaka iliyofuata, na ilipokuja kuchunguzwa, ile bima ya dola 10,000 haikutosha kulipia hospitali kwa walio wengi kati ya walioumia kichwa. Kama huko, penye bima na hospitali walizonazo, hesabu ilikataa, sijui huku kwetu kwa kupitisha kofia itakubali vipi.

Halafu kuna abiria wasiochagua chochote. Saa moja kasoro asubuhi simama barabara yoyote ya Makorora au Mabawa uangalie mishikaki ya wanafunzi: wawili nyuma, mdogo kabisa mbele kwenye tangi ameshika kioo, begi la shule limebanwa kati yao. Mzazi amelipa kwa mwezi, amepatana bei, ameuliza kama dereva ni mlevi. Helmeti ya mtoto hakuuliza, na hata angeuliza angeipata wapi? Hapa neno hiari tuliache kabisa. Mtoto wa miaka sita hana hiari juu ya pikipiki. Ana mzazi na ana dereva, na kila mmoja wao anadhani mwenzake ndiye anayeliangalia jambo hilo.

Najua kuna jibu lingine, la kiimani, nalo huku kwetu lina uzito: ajali haina kinga, siku ikifika imefika. Sitaki kubishana na mtu kuhusu kadari yake. Nasema tu kwamba Kurani hiyo hiyo, Sura ya Al-Baqara aya ya 195, inawakataza watu wasijitie kwa mikono yao katika maangamizo, na wanazuoni wameihesabu hifadhi ya nafsi kuwa miongoni mwa makusudio makubwa ya sheria. Isitoshe helmeti haidai kuzuia ajali. Ajali itatokea, ng'ombe atakatiza pale Amboni, bajaji itakata kona bila taa. Inachofanya helmeti ni kazi moja ndogo. Lile povu gumu la ndani linabonyea wakati kichwa kinagonga, na kule kubonyea kunalinunulia fuvu sehemu ndogo ya sekunde ili lisipokee kishindo chote kwa mara moja. (Ndiyo maana helmeti iliyokwishagonga mara moja ni ya kutupa, na ile ya plastiki tupu isiyo na povu ni pambo.) Uchambuzi wa tafiti 61 uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba anayeivaa anapunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Na kwa wanaosema "hapo tu": kugonga kitu ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kutoka juu ya mnazi. Mkwezi hapandi mnazi bila kitanzi eti kwa kuwa anachuma madafu mawili tu.

Nikirudi kwa yule abiria wa Mkwakwani mwenye helmeti mkononi, simlaumu. Kuogopa mapunye si ujinga. Kutotaka kuvuruga nywele za elfu ishirini na tano si ujinga. Mwanamke aliyefunga ushungi vizuri hataki kuufungua barabarani ili kofia iingie, na ana haki. Uingereza walipolazimisha helmeti, Masingasinga wakagoma kuvua vilemba, na mwaka 1976 Bunge lao likawaondoa kwenye sheria hiyo. Sisi hatuhitaji kufika huko, kwa sababu ushungi mwepesi unakaa chini ya helmeti bila shida. Kinachohitajika ni kofia safi na kitambaa cha kuweka katikati. Kigali abiria wa pikipiki anapewa helmeti kabla hajakaa, na hakuna anayeona ajabu. Hao nao wana nywele, wana jasho, wana safari za hapo tu.

Sasa sheria yetu. Bodaboda zilikuwa zimeshajaa mitaani kabla hazijatambuliwa. Kanuni za kuziruhusu rasmi kubeba abiria zilikuja mwaka 2010, na helmeti ya dereva na ya abiria ikawekwa humo. Kwenye karatasi hakuna pengo. Pengo liko barabarani, ambako sheria yote imekabidhiwa kwa askari mmoja aliyesimama kwenye mzunguko mmoja. Faini ilikuwa shilingi 30,000 sawa na ya gari, na kuanzia bajeti ya 2021/22 ikashushwa kuwa 10,000 kwa bodaboda na bajaji. Niliiunga mkono nafuu hiyo na bado naiunga mkono, kwa sababu 30,000 ilikuwa inakula siku nzima na zaidi ya kijana. Lakini tukubali ilichokifanya: faini ya kiasi hicho inaingia kwenye hesabu za biashara, pamoja na mafuta na kuziba pancha. Dereva hajiulizi tena kama avae. Anajiulizia wapi atamkuta trafiki.

Tena wengi wa hawa vijana pikipiki si zao. Kuna bosi nyuma, kuna mkataba, kuna hesabu ya kupeleka kila jioni iwe mvua iwe jua. Bosi haulizi helmeti, anauliza hesabu. Pikipiki ikigongwa ataikagua tangi, sho-apu na taa. Katika mnyororo wote huu, kuanzia mwenye pikipiki, dereva, abiria, mzazi wa mwanafunzi mpaka trafiki, aliyepewa adhabu ni mmoja, na ndiye mwenye nafasi finyu kuliko wote ya kuchagua.

Linganisha na mifuko ya plastiki. Tarehe 1 Juni 2019 ilipopigwa marufuku, sisi watu wa soko la Mgandini tulidhani ni maneno. Wiki haikuisha, mifuko imetoweka. Wenzangu waliandika kwa fahari kwamba Mtanzania amebadilika. Hakubadilika kitu. Kanuni zilimlenga kwanza mwenye kiwanda na mwingizaji, faini yake ikianzia milioni 20 hadi bilioni moja, na kwa kuwa hao ni wachache na wana anuani, mfuko ukakosekana dukani. Mnunuzi hakuhitaji kuwa mwema; alihitaji tu kukuta hakuna mfuko. Ushahidi kwamba hakubadilika ndio ule tunaouona sasa: vile vifuko vyepesi, ambavyo kwa kanuni ni vifungashio tu, vimerudi taratibu na vinabebea nyanya, vitunguu na dagaa kila siku, na hatusikii haya. Penye mwanya, mkono uleule umerudia kazi ileile.

Helmeti haiwezi kufanyiwa hivyo, kwa sababu inataka tendo jipya kila safari, kila kichwa. Lakini inawezekana. Vietnam, nchi iliyojaa pikipiki kutushinda, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 15 Desemba 2007 kila dereva na kila abiria avae, barabara zote. Uvaaji ukaruka kupita asilimia 90 karibu papo hapo. Katika miezi mitatu ya mwanzo, takwimu za hospitali 20 zilionyesha hatari ya kuumia kichwa imeshuka kwa asilimia 16 na ya kufa kwa asilimia 18. Hawakungoja watu wapende. Na wao pia baadaye walihangaika na helmeti za bei rahisi zisizo na kinga yoyote, kwa hiyo nisiwapambe kupita kiasi.

Kilichonifanya niandike haya, hata hivyo, ni vijiwe vyetu wenyewe. Anayedhani bodaboda ni watu wasiotaka sheria hajawahi kukaa kijiweni. Kuingia kijiwe kuna kiingilio. Kuna foleni: ukimchukua abiria wa zamu ya mwenzako, unatozwa, na unalipa bila trafiki wala mahakama. Kuna daftari la michango ya misiba na ugonjwa. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, na kuna siku ya kikao ambayo asiyehudhuria anapigwa faini. Kijana yuleyule aliyeniambia kichwa ni changu analipa faini ya foleni siku hiyohiyo, na akiipinga wenzake watamsimamisha. Sijamsikia hata mmoja akisema abiria ni wangu.

Tofauti iko wapi? Foleni anaiona inamlinda. Leo imemzuia, kesho itamzuia mwenzake asimnyang'anye mkate. Na anayeisimamia ni mtu anayemjua kwa jina la mama yake, hawezi kumkwepa kwa kupita njia ya nyuma. Sheria ya helmeti kwake ni ya watu wa mzunguko. Ilhali ukifikiri vizuri, kijiwe ndicho chenye sababu kubwa ya kuitaka, maana daftari la michango ni lake. Kila kichwa kinachopasuka kinafunguliwa ukurasa mpya mle ndani.

Nililisema hili kwa mwenyekiti wa kijiwe kimoja cha Ngamiani, mtu mzima, mwenye kusikiliza. Nikapendekeza helmeti ya abiria iwe sharti la kukaa kwenye foleni, kama kiingilio kilivyo sharti. Hakunibishia kuhusu michango. Alisema: "Mimi nitawaambia vijana wangu wavae na wavalishe. Sasa abiria akigoma, nimwache? Hatua ishirini kuna kijiwe kingine, watamchukua bila kofia. Vijana wangu walale njaa kwa sababu ya uzuri wangu?"

Swali lake ndilo swali lenyewe. Anachotaka kukifanya hawezi kukifanya peke yake. Kila mwema anayeanza anamtajirisha asiyeanza. Hapo ndipo ninapoihitaji serikali, na ninaihitaji kwa jambo hilo tu: ivibane vijiwe vyote kwa sharti hilo hilo siku moja, ili mwenyekiti asiadhibiwe na soko kwa kuwa mwangalifu. Mwenye pikipiki awajibishwe kuitoa barabarani ikiwa na helmeti mbili zenye povu na mkanda, kama anavyowajibika kuikatia bima. Anayepeleka wanafunzi aruhusiwe idadi ya watoto wenye kofia, si idadi inayoenea kwenye kiti. Kijiwe kisimamie yaliyobaki kwa daftari na kikao chake, na trafiki aende kuwaangalia wasio na kijiwe.

Kama itabidi tuanze mahali, ianze Kange, kwenye kituo cha mabasi. Abiria anashuka pale na mabegi kutoka Dar au Arusha, mjini ni mbali kwa miguu, barabara ni ya lami, malori yanapita na pikipiki zinaachiwa mwendo. Vijiwe vya pale viko karibu karibu, vinajuana, na abiria mwenye mizigo hana pa kukimbilia akiambiwa avae kwanza. Mwenyekiti wangu wa Ngamiani anasema wakianza Kange, yeye ataitisha kikao Ijumaa inayofuata, baada ya swala. Ameshaulizia bei ya helmeti za jumla. Aliyemtajia anataka achukue kuanzia dazeni mbili.